Tambi laini za watoto kwa mtindo wa kopo: kasoro zinazotokea jikoni na namna ya kuzirekebisha

Tambi za kopo ambazo watoto huzipenda, zile fupi au za mviringo zilizozama katika mchuzi mwekundu mtamu, hazikubuniwa kwa ajili ya kinywa cha mtu mzima. Zilizo maarufu zaidi nchini Marekani, SpaghettiOs, zilianza kuuzwa mwaka 1965 na kampuni ya Campbell kwa nembo ya Franco-American, na umbo lake la pete lilikusudiwa kumwezesha mtoto kuzichota kwa kijiko bila kujipaka mchuzi usoni. Mzazi wa Tanga anayetaka kuzipika nyumbani, ama kwa sababu kopo ni ghali, ama kwa sababu anataka kujua kiasi cha chumvi na sukari anachokula mwanawe, mara nyingi hashindwi kwa kukosa vitu vya kupikia bali kwa kupika vizuri mno. Hufuata dakika zilizoandikwa kwenye paketi, huunga nyanya kama anayeandaa mchuzi wa wali, kisha hushangaa mtoto anapotema.

Kiwandani mambo huenda kwa namna nyingine kabisa. Tambi na mchuzi hufungwa pamoja ndani ya kopo, kisha kopo zima hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, katika joto linalokaribia au kufikia nyuzi 121 za Selsiasi. Tambi hizo huvimba hadi ukomo wake, wanga wake huvuja na kuufanya mchuzi uwe mzito, na mchuzi nao hupenya ndani ya tambi. Karibu kila kasoro itakayotajwa hapa chini hutokana na kusahau mojawapo ya mambo hayo: muda, wanga, maji, au uchachu wa nyanya.

Ili tuwe na kipimo kimoja cha kuzungumzia, chukua gramu 200 za makaroni madogo, kilo moja ya nyanya mbivu, karoti moja kubwa, nusu ya kitunguu maji, vijiko viwili vya chakula vya nyanya ya kopo, kijiko kimoja cha siagi, na robo kikombe cha maziwa. Kitunguu na karoti hutokoswa kwanza kwa maji kidogo hadi karoti ipondeke kwa mwiko, ndipo nyanya zilizomenywa ziingie. Baada ya hapo mchuzi husagwa, huchujwa, na kurudishwa motoni pamoja na nyanya ya kopo na siagi, mpaka ubaki kama vikombe vitatu. Maziwa huingia mwisho. Makaroni huchemshwa kwenye sufuria ya pembeni na kuungana na mchuzi baadaye. Mpangilio huu una sababu zake, na zitajitokeza kasoro moja baada ya nyingine.

Mtoto anatafuna, kisha anatema

Kabla ya kulaumu ladha, bonyeza kipande kimoja cha makaroni kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikirudi katika umbo lake kama mpira, hakijaiva kwa kiwango cha mtoto, hata kama kwako ni kitamu. Ongeza dakika tano hadi saba juu ya muda wa paketi, katika maji mengi yanayochemka, mpaka kipande kipondeke kwa kubonyezwa kidogo tu bila kusambaratika. Baada ya kuchuja, maliza kwa kuzitokosa ndani ya mchuzi kwa moto mdogo kwa dakika nyingine tano, maana hapo ndipo mchuzi unapopenya.

Wapo wanaotaka kuokoa mkaa kwa kutia makaroni makavu moja kwa moja ndani ya mchuzi mzito. Matokeo yake ni tambi ambazo nje ni teketeke na katikati zina kiini kigumu cheupe, kwa sababu mchuzi mzito hauna maji huru ya kutosha kuzivimbisha. Kama umekwisha fika hapo, ongeza kikombe kimoja cha maji yanayochemka, funika, punguza moto, na usifunue kwa dakika kumi.

Kuna sababu nyingine ya kutema ambayo haihusiani na ugumu, nayo ni ya huku kwetu pwani. Mtoto aliyekulia Ngamiani au Chumbageni amezijua tambi kupitia futari: zimekaangwa, zimetiwa sukari, iliki na tui, pengine na zabibu kavu. Anapoletewa tambi nyekundu zenye harufu ya nyanya na kitunguu, macho yake yanatarajia kitu kimoja na ulimi unapokea kingine. Hapa dawa si kuongeza sukari katika mchuzi mpaka ufanane na futari, bali ni kubadili umbo. Tumia makaroni yenye tundu badala ya tambi nyembamba, nayo yataonekana kuwa chakula kingine kisicho na deni la kufanana na kile cha bibi.

Mchuzi ni mchachu, au una ukali unaobaki kooni

Kasoro hii ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi, na chanzo chake mara nyingi kiko sokoni na si jikoni. Nyanya nyingi zinazouzwa katika soko la Mgandini hushuka kutoka milima ya Usambara, na ili zistahimili safari huchumwa kabla hazijaiva sawasawa. Ganda linaweza kuwa jekundu wakati ndani bado. Kata moja katikati uitazame: ute unaozunguka mbegu ukiwa wa kijani, nyanya hiyo ni chachu, kwa kuwa sehemu kubwa ya asidi ya nyanya imo katika ute huo. Mabega ya kijani karibu na kikonyo husimulia habari hiyo hiyo. Nyanya za namna hii zisipikwe siku ya kununuliwa. Zitandazwe kwenye ungo mahali penye kivuli, zisirundikwe na zisitiwe kwenye friji, kwa kuwa baridi huzuia uivaji na kuharibu ladha. Katika joto la Tanga siku mbili au tatu hutosha.

Kama zimekwisha ingia sufuriani, bado kuna njia. Ya kwanza ni muda: nyanya iliyochemshwa dakika kumi ina ukali ambao iliyochemshwa dakika arobaini kwa moto mdogo imekwisha kuupoteza, ingawa asidi yenyewe haiondoki na kilichobadilika ni ladha za ubichi na utamu uliojikusanya kadiri maji yanavyopungua. Ya pili ni karoti, ambayo hutoa utamu wa taratibu usiojitangaza kama ule wa sukari. Karoti lakini ni lazima iwe imeiva kabla ya kukutana na nyanya, kwa kuwa mboga hukawia kulainika ndani ya kitu kichachu, na anayezitia pamoja huishia kuchuja vipande vigumu vya karoti na kutupa utamu aliokuwa akiutafuta. Ya tatu ni mafuta ya siagi, ambayo hupooza ukali ulimini. Ya nne, ambayo naiona ni ya dharura tu, ni bikaboneti, yaani ile soda ya unga inayotiwa kwenye maandazi ya haraka: ncha ya kijiko cha chai kwa sufuria ya kipimo chetu, ikoroge, subiri povu litulie, kisha onja. Ukizidisha, mchuzi utakuwa na ladha ya sabuni, na hakuna kitakachouokoa.

Chunguza pia mazoea ya mkono wako. Mpishi wa pwani hukamulia ndimu katika mchuzi bila hata kufikiri, na wengine hutia ukwaju. Katika chakula hiki vyote viwili vibaki kando. Vivyo hivyo kitunguu kisikaangwe hadi kiwe cha kahawia, kwa kuwa harufu yake ni nzuri kwa pilau lakini huacha uchungu kidogo na kuufanya mchuzi uwe wa rangi ya matofali badala ya nyekundu angavu inayomvutia mtoto. Nyanya ya kopo nayo ikaangwe kwenye siagi kwa dakika moja au mbili kabla ya kuchanganywa, maana ikitiwa mbichi huleta ladha ya bati. Ladha ya namna hiyo inaweza pia kutoka kwenye sufuria ya alumini iliyochujuka, kwa kuwa uchachu wa nyanya huila alumini pole pole. Anayemiliki sufuria ya chuma kisichoshika kutu aitumie hapa.

Kuhusu sukari, kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima si dhambi kwa mtoto aliyevuka miaka miwili, lakini kwa aliye mdogo zaidi karoti inatosha. Asali isitumike kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulini ambao utumbo wake bado haujaweza kuwazuia.

Maji yanajitenga pembeni mwa sahani

Ukipakua na baada ya dakika moja ukaona kimaji chekundu kikizunguka kilima cha tambi, mchuzi wako hauna kitu cha kuushikamanisha. Mara nyingi mpishi amezisuuza tambi kwa maji baridi baada ya kuchuja, kwa nia njema ya kuzizuia zisigandamane, na kwa kufanya hivyo amemwaga karaini wanga ule ule unaoipa tambi ya kopo mchuzi wake mzito unaong'ang'ania kijiko. Zisisuuzwe. Tena, kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja cha yale maji meupe yaliyochemshia tambi na ukiweke pembeni, kwa kuwa nusu yake ikitiwa kwenye mchuzi na kuchemka kwa dakika chache huuunganisha vizuri kuliko unga.

Wakati wa masika, nyanya zinapokuwa na maji mengi kuliko nyama, hata hilo halitoshi. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga laini wa wanga wa mahindi katika maji baridi, si ya moto, umimine taratibu huku ukikoroga, kisha uache mchuzi urudi kutokota. Unga huo huanza kuvimba mchuzi unapopita nyuzi 60 hivi, lakini usipofika karibu na kuchemka huacha ladha ya ubichi na baadaye huregea tena. Madonge yakijitokeza, usihangaike kuyaponda moja moja. Upitishe mchuzi wote kwenye chujio la waya.

Chujio hilo hilo ndilo dawa ya lalamiko jingine, la mtoto anayetoa mbegu na maganda mdomoni na kuyapanga ukingoni mwa sahani. Blenda peke yake haiondoi maganda, huyakata tu yakawa madogo. Chora msalaba kwenye kitako cha kila nyanya, zitumbukize katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, uzihamishie maji baridi, na ganda litabanduka lenyewe.

Ulipika zikiwa na mchuzi, umerudi zimekauka

Tambi haziachi kunywa kwa sababu tu zimeepuliwa. Ukiziacha nusu saa ndani ya sufuria yenye moto wake, zitafyonza kila tone na kuwa bumba linalosimama lenyewe. Viwanda huhesabu jambo hili mapema na kujaza kopo kwa mchuzi unaoonekana kuzidi. Nawe vivyo hivyo, epua wakati mchuzi ukiwa mwepesi kuliko unavyoutaka mezani. Bumba likishatokea, tia maji ya moto au maziwa vuguvugu kidogo kidogo huku ukiinua kutoka chini kwa mwiko wa mbao, bila kusonga.

Zikivurugika hadi kuwa uji, angalia paketi. Makaroni ya ngano ngumu aina ya durumu yana protini nyingi na hustahimili kupikwa kupita kiasi, ilhali zile za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ngano ya kawaida huanza kumomonyoka dakika chache tu baada ya kuiva. Kwa hizo punguza ule muda wa ziada niliotaja.

Maziwa yamekatika

Tanga ni mkoa wa maziwa, na mpishi hushawishika kuyamimina. Maziwa hukatika pale protini yake inapokutana na asidi na joto kwa pamoja: hugandamana kuanzia uchachu wa pH 4.6 hivi (kipimo ambacho namba ikishuka uchachu huzidi), na nyanya nyingi ziko papo hapo au chini yake. Kwa hiyo mchuzi upoozwe ukali kwanza, uepuliwe hadi uache kutokota, na maziwa yaliyopashwa moto yatiwe mwisho, yakiwa yamechanganywa na upawa mmoja wa mchuzi katika bakuli ili yauzoee. Maziwa yenye mafuta yote huvumilia kuliko yaliyoenguliwa. Yakikatika licha ya hayo, na maziwa yalikuwa mazima, chakula si kibovu. Kipitishe kwenye blenda kabla hakijakutana na tambi.

Jibini ngumu, kama unaipata kutoka Lushoto, ikwanguliwe laini na kutiwa sufuria ikiwa chini, kwani ikichemka hutoa mafuta na kuacha chengachenga. Tui la nazi pia hufaa mahali pa maziwa, ila liwe la kwanza, liingie mwisho, na likorogwe bila kuachiwa lichemke kwa nguvu, kama anavyojua kila aliyewahi kulikata tui la samaki.

Mtoto anataka pete

Makaroni ya bomba yaliyoiva yakatwe kwa kisu kikali kwa upana wa nusu sentimita, nayo yatakuwa pete. Yakatwe yakiwa yamepoa, maana yakiwa ya moto hubonyea na tundu huziba. Kwa tambi ndefu, zifunge kwenye kitambaa safi na uzivunje ukingoni mwa meza kabla ya kupika, ziwe za sentimita mbili. Hakuna haja ya kufinyanga unga.

Chini kumeungua

Mchuzi wenye wanga hukaa chini na kushika ukoko haraka kwenye jiko la mkaa. Usikwangue. Hamishia sehemu ya juu katika sufuria nyingine bila kugusa chini, onja, na ikiwa harufu ya moshi imekwisha sambaa, anza upya, kwa sababu watoto hawadanganyiki.

Kababu zinavunjikia ndani ya mchuzi, au zinakuwa ngumu kama kokoto

Baadhi ya makopo huwa na vidonge vidogo vya nyama, na kababu zetu, bila pilipili, hukaa mahali pake vizuri. Zinazovunjika huwa na maji mengi, hasa ya kitunguu kibichi kilichosagwa: kikamue kwanza, ongeza chenga za mkate zilizoloanishwa maziwa na yai, uziweke kwenye friji kwa nusu saa, kisha zikaange kidogo ili zishikane kabla hazijaingia katika mchuzi. Zinazokuwa ngumu zimetengenezwa kwa nyama isiyo na mafuta, au zimekandwa kama unga wa chapati. Chenga za mkate hutibu hilo pia. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, zipondwe kwa uma sahanini, na anayetumia soseji asizikate kwa vipande vya mviringo, vinavyoweza kuziba koo; azipasue kwa urefu mara nne kwanza, ndipo azikate ndogondogo.

Mwongozo wa afya wa Uingereza huweka ukomo wa gramu 2 za chumvi kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, yaani karibu theluthi ya kijiko cha chai kutoka vyakula vyote, na chini ya gramu 1 kwa aliye chini ya mwaka. Vidonge vya kuungia mchuzi huwa na chumvi nyingi, na baadhi ya nyanya za kopo nazo hutiwa chumvi. Kwa hiyo mchuzi ukiwa chapwa, ongeza muda wa kutokosa na siagi kabla ya kufikia kopo la chumvi.

Cha jana kina harufu au povu

Mwaga, usionje. Kopo la kiwandani hukaa miezi mingi kwa sababu ya lile joto la nyuzi 121 na kwa sababu limefungwa kabla ya kupikwa. Kuchemsha nyumbani hakuvuki nyuzi 100, na vijimbegu vya botulini hustahimili joto hilo, kisha huamka mahali pasipo na hewa na pasipo na uchachu wa kutosha. Tambi, karoti, maziwa na nyama huupunguza uchachu wa nyanya, kwa hiyo kujaza chakula hiki katika chupa za jemu na kuziweka kabatini ni jambo la hatari ambalo ustadi wa mikono haulirekebishi.

Hatari iliyo ya kila siku zaidi ni sufuria inayoachwa jikoni chini ya kawa tangu mchana hadi jioni. Katika vyakula vya wanga vilivyopikwa, bakteria aitwaye Bacillus cereus huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Saa mbili ndizo mwisho, na katika joto la Januari hadi Machi hapa Tanga afadhali iwe saa moja. Gawa chakula katika vyombo vifupi ili kipoe haraka, kiingie kwenye friji yenye nyuzi zisizozidi 5, kiliwe ndani ya siku mbili, na kipashwe hadi kitokote mara moja tu. Anayetaka akiba ya muda mrefu agandishe mchuzi peke yake kwenye friza kabla ya kuutia maziwa, katika vibakuli vya mlo mmoja, na makaroni ayapike siku ya kula. Umeme ukikatika hadi mchuzi ukayeyuka na kupoteza ubaridi, usirudishwe kugandishwa.

Kwa mtoto wa shule, jaza hotipoti maji yanayochemka kwa dakika kumi, yamwage, ndipo utie tambi zikiwa zinatoa mvuke, na mchuzi uwe mwepesi kuliko wa mezani kwa sababu zitaendelea kunywa mpaka saa ya kula. Kitakachorudi nusu kisiwekwe kwa ajili ya jioni. Mfuniko wa hotipoti uvuliwe ule mpira wake na kuoshwa peke yake, kwa kuwa mchuzi wa nyanya hujificha humo na kuchacha, na mzazi akahangaika wiki nzima akitafuta kosa katika mapishi.